Hata neno "kaimu" walimnyima

Swali lenu la wiki hii linasema: aliyekaimu cheo kwa muda mrefu bila kuthibitishwa, avumilie au aondoke? Jibu langu ni aondoke. Lakini asiondoke kwa hasira, na asiondoke kabla hajajua anakwenda kushika nini.

Nina miaka ishirini na miwili ya kufundisha sekondari. Minne kati ya hiyo nilikaimu ukuu wa shule ya bweni ya wasichana. Ngazi za chini nilikuwa nimezipita zote: mwalimu wa somo, wa malezi, wa taaluma, kisha makamu. Mkuu wetu alipoondoka nikaambiwa, "Mwalimu, shikilia kidogo." Kidogo hicho kikawa miaka minne. Niliajiri wapishi, nikawapokea wazazi waliokuja wamefura, nikakesha hospitalini na mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kila barua niliisaini "Kny", yaani kwa niaba ya mkuu. Mwishowe bodi ikamleta mwanamume ambaye hakuwahi kufundisha shule ya wasichana, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwonyesha mafaili yalipo. Niliambiwa wazazi wangejisikia salama zaidi.

Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo, ndiye aliyenisimulia habari za Ada Comstock. Nimezifuatilia tangu siku ile, na ndizo nitakazojibia.

Comstock alizaliwa Minnesota mwaka 1876, akahitimu mwaka 1897 katika Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichoko Northampton, Massachusetts. Alirudi kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1907 akawa wa kwanza pale kupewa cheo cha kusimamia wanafunzi wa kike. Mwaka 1912 Smith wakamwita. Huko mkuu wa chuo huitwa rais, na Comstock alikuwa chini yake, akisimamia masomo na malezi. Mwaka 1917 rais akaondoka. Kwa muda wa kama nusu mwaka Comstock ndiye aliyekiendesha chuo. Bodi ya wadhamini ilimwachia kazi yote, lakini ikakataa kumwita kaimu rais, kwa sababu ni mwanamke. Mimi angalau neno "kaimu" nililipata. Yeye hata hilo walimnyima, na ndani ya chuo kilichoanzishwa kwa wosia wa mwanamke, Sophia Smith, aliyeacha mali yake ili wasichana wapate elimu sawa na ya wavulana.

Watu husema tusiwahukumu wazee wa zamani, kwamba jamii haikuwa tayari. Sikubali. Smith kilifunguliwa mwaka 1875. Mwaka huohuo, katika jimbo hilohilo la Massachusetts, kilifunguliwa chuo kingine cha wanawake, Wellesley, na rais wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Ada Howard. Tangu hapo Wellesley hakijawahi kuongozwa na mwanamume. Wazazi wa Wellesley walikuwa watu walewale wa zama zilezile, na mabinti zao walisoma wakahitimu. Kwa hiyo bodi inapokuambia kwamba wazazi hawako tayari, mara nyingi inasema habari zake yenyewe.

Comstock alifanya nini? Alibaki miaka kadhaa chini ya rais mpya, William Allan Neilson, ambaye wengi walimpenda, nami sina neno naye. Lakini hakukaa bure. Mwaka 1921 alichaguliwa kuongoza chama cha kitaifa cha wanawake waliosoma vyuo vikuu, na mwaka 1923 akaondoka kwenda kuwa rais wa Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa ubavuni mwa Harvard. Nawaomba wasomaji watulie hapa kidogo. Harvard haikuwapokea wasichana, kwa hiyo profesa alifundisha wavulana, kisha akavuka kwenda Radcliffe kurudia somo lilelile kwa wasichana. Comstock aliongoza chuo hicho miaka 20. Mwaka 1943, kabla hajastaafu, yalifikiwa makubaliano yaliyowafungulia wasichana wa Radcliffe madarasa ya Harvard. Mwaka huohuo akaolewa, na Wallace Notestein, mwanahistoria waliyefahamiana tangu enzi za Minnesota. Angebaki Northampton akingoja wadhamini wabadili moyo, angengoja mno. Smith hakikumteua rais mwanamke hadi mwaka 1975, miaka mia kamili tangu kifunguliwe. Comstock alikuwa amefariki mwaka 1973.

Huyo wa 1975 ni Jill Ker Conway, mtoto wa wafuga kondoo wa Australia, ambaye wizara ya mambo ya nje ya kwao ilimkataa huku wanaume aliosoma nao wakichukuliwa. Naye aliondoka, akasoma Harvard, akapanda hadi kuwa makamu wa rais wa Chuo Kikuu cha Toronto. Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika uongozi wake Smith kilifungua mlango kwa wanawake waliokosa chuo ujanani, wenye watoto na majukumu, na mpango huo ukapewa jina la Ada Comstock. Baadhi yao waliishi kwa msaada wa serikali, na wangepewa ufadhili wa masomo msaada ule ungekatwa. Chuo kikatafuta njia nyingine, kama kumlipa mwenye nyumba kodi moja kwa moja. Aliyebuni njia hiyo alijua umaskini unavyofanya kazi.

Sasa nisikilizeni kuhusu Ruth Simmons, maana anajibu sehemu ya pili ya shauri langu, ile ya kujua kwanza unakwenda kushika nini. Alizaliwa Grapeland, Texas, mwaka 1945, mtoto wa mwisho kati ya kumi na wawili. Baba alilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, mama alifanya kazi za ndani. Alifundisha New Orleans, akahamia Northridge, kisha Los Angeles, kisha Princeton, kisha Spelman, chuo cha wanawake weusi kilichoko Atlanta, akarudi Princeton, na mwaka 1995 akawa rais wa Smith. Anayesoma orodha hiyo haraka atadhani ni mtu asiyetulia. Mimi naona mtu aliyekuwa akihamia panapo madaraka. Princeton naye alikaimu, katika programu ndogo ya masomo ya watu weusi, lakini alikuwa na sauti katika kuajiri, na anatajwa miongoni mwa waliomleta mwandishi Toni Morrison pale. Alipofika Smith tayari alijua kutafuta watu na fedha. Ndipo akaanzisha shahada ya uhandisi, ya kwanza katika chuo cha wanawake Marekani. Wahandisi 20 wa mwanzo walihitimu mwaka 2004, yeye akiwa amekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha Brown.

Kwa hiyo dada au kaka unayeambiwa leo "shikilia kidogo," uliza mambo haya mapema. Nitaajiri au nitapendekeza tu? Bajeti nitaisaini mimi? Mwisho wake ni tarehe gani, na imeandikwa wapi? Mimi sikuuliza. Nilidhani kuuliza ni kukosa adabu kwa wakubwa wangu, nikajifariji na methali ya mvumilivu kula mbivu. Lakini mvumilivu wa methali hiyo anangoja matunda ya mti alio na haki ya kuuchuma. Wapo wasioweza kuondoka, wenye mgonjwa nyumbani au mume asiyehamishika, na siwalaumu hata kidogo. Wao wadai barua. Bodi inayokataa kuandika tarehe imekwisha kukujibu.

Niliondoka mwaka uliofuata. Nilipo sasa ni shule ndogo ya kutwa, wanafunzi hawafiki mia tatu, mshahara umepungua na basi la asubuhi huchukua saa nzima. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kuomba fundi wa tanki la maji. Karani aliichapa, akaweka "Kny" chini kama alivyozoea. Nikamrudishia, nikamwomba aifute, akaichapa upya, nami nikasaini.