Mchanga wa banka unageuka mwekundu kila masika, nifanyeje?

SWALI: Habari mzee. Nafanya kazi ya kutunza uwanja kwenye klabu moja ya gofu huku upande wa Kiambu. Kila mvua ya mwezi wa nne ikipiga mchanga wa mabanka, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, unaporomoka wote, kuta zinabaki udongo mtupu, maji yanasimama siku tatu nne, na yakikauka mchanga umekuwa mwekundu na mgumu hata reki haiingii. Meneja anataka tulete malori ya mchanga mweupe tumwage juu ya huu wa zamani, halafu ameona kwenye TV mabanka ya St Andrews, uwanja maarufu wa gofu kule Scotland, yenye kuta za nyasi zilizosimama wima, anataka tuige. Nimwambie nini?

JIBU: Kijana, hilo la kumwaga mpya juu ya zamani usikubali, mkatalie kwa heshima lakini mkatalie. Mimi nilishalifanya, tukaleta lori tukasambaza, banka likapendeza wanachama wakafurahi, masika moja tu likarudi vilevile, kwa sababu ule wekundu unaletwa na maji yanayoshuka kutoka kilimani na kuingia bankani na udongo wake.

Kwa hiyo mvua ikianza vaa gambuti utoke, simama ukingoni uangalie maji yanaingilia wapi. Hapo juu chimba kinga maji, si mtaro wa kutisha, ni kibonde kipana cha kina kidogo chenye nyasi, mashine ya kukata ipite bila shida na maji yaende pembeni. Gharama yake ni jasho tu na ndiyo inaokoa mchanga kuliko kitu kingine chochote.

Halafu toa mchanga wote mpaka udongo mgumu. Bomba la zamani kama lipo likague, mara nyingi unakuta limejaa tope na mizizi na mdomo wa kutokea umefunikwa na nyasi, hakuna anayekumbuka uko wapi. Likiwa limekufa chimba upya, mtaro mkuu katikati na matawi pande zote kama mifupa ya samaki, bomba la inchi 4 lenye matundu, mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita, ulizungushie kokoto ndogo zilizooshwa. Zenye vumbi ni kazi bure. Kabla hujafunika mwaga ndoo mbili tatu uone maji yanatoka upande wa pili.

Mchanga nao, USGA, wale wa chama cha gofu Marekani, wanapendelea chembe nyingi ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, tena zenye kona kona, maana zile za mviringo hazishikani, ukutani zinateleza na mpira unazama nusu. Mchanga wa mto usiupime kwa macho. Chukua chupa isiyo na rangi, tia mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, iache mpaka asubuhi. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando, ukiwa mnene rudisha lori hata dereva akinung'unika. Mchanga ukipita jaribio hilo, weka sentimita 10 mpaka 15 chini na kama 5 ukutani, mwagilia, shindilia, uupe wiki kadhaa utulie kabla ya mashindano.

Hiyo ya St Andrews, kule ardhi yenyewe ni mchanga wa pwani, maji yanazama tu, na bado zile kuta wanazijenga upya kila baada ya miaka michache. Kwenu udongo unashika maji, ukuta wima utaanguka. Lalisha kuta, nyasi zishuke ubavuni na mchanga ukae chini palipo karibu tambarare.

Reki ya mashine ibaki katikati na isikate kona kwa kasi, inasukuma mchanga nje, kuta ni za reki ya mkono. Mawe okota kila siku, ni kweli tangu sheria za 2019 mchezaji anaruhusiwa kuyaondoa, lakini jiwe likiruka na fimbo linaweza kumpiga mtu jichoni.

Anza na banka moja, lile baya kuliko yote, kabla ya vuli. Halafu siku ya mvua kubwa mchukue meneja msimame naye pale, aone maji yakitoka kwenye mdomo wa bomba.