Nishuhudie uponyaji ambao bado sijauona?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, nauza omena sokoni Kibuye, Kisumu. Nina ugonjwa wa sukari, natumia insulini. Niliombewa kanisani nikasikia nafuu, nikasimamishwa mbele, nikasema nimepona kabisa. Video ikazunguka WhatsApp. Sasa mchungaji wetu anataka niurudie ushuhuda kwenye mkutano mkubwa wa injili, na mimi bado najidunga kwa siri. Nilipomwambia, alisema huo si uongo, ni kukiri kwa imani. Kanisa hili ndilo lililonisaidia kumzika mume wangu na kunilipia nyumba. Jirani yangu wa Nyalenda, mwenye sukari kama mimi, ananiuliza kama aache sindano. Nifanyeje?

JIBU: Mama, tuanze na huyo jirani, maana yeye hawezi kungoja nimalize kueleza. Mwendee leo hii umwambie bado unajidunga. Anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa katika siku chache tu. Mengine yote yatasubiri.

Kuhusu mkutano, usisimame. Kusema umepona na sindano imo mkobani ni uongo, hata ukipigiwa vigelegele.

Fundisho ulilopewa nalijua, limejaa huku kwetu. Hutegemea Warumi 4:17, kwamba Mungu huyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Sawa, lakini anayetajwa pale ni Mungu, ambaye akitamka jambo linakuwa. Nani alitukabidhi sisi kazi hiyo? Tena ajabu ni kwamba hawa ndugu hawasogei mistari miwili mbele. Wangemkuta Ibrahimu, ambaye hakuwa dhaifu wa imani, akiufikiri mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, umri unakaribia miaka mia. Hakujitangaza kijana. Wala hatusomi kwamba Sara alipita hemani kwa majirani akidai ana mimba ambayo hajaishika.

Wakishindwa hapo hukimbilia Yoeli 3:10, “aliye dhaifu na aseme, Mimi ni hodari.” Ukisoma sura yote utaona ni mataifa yanayoitwa vitani yakahukumiwe katika bonde la Yehoshafati. Kulifanya hilo ahadi kwa mgonjwa ni kutoogopa Maandiko.

Yesu mwenyewe hakuogopa kukaguliwa. Wale kumi wenye ukoma aliwaambia wakajionyeshe kwa makuhani, na Walawi 14 inaeleza jinsi kuhani alivyomchunguza mtu kabla ya kumtangaza safi. Kwa hiyo anayesema “twende hospitali tupime kwanza” hana pepo la mashaka. Paulo alimwacha mwenzake wa safari, Trofimo, mjini Mileto, mgonjwa, na akaandika hivyo bila aibu. Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. (Siku hizi wote wawili wangeambiwa hawana upako.) Paulo huyo huyo, katika 1 Wakorintho 15:15, anaona ni jambo zito kuonekana shahidi wa uongo wa Mungu, yaani kusema Mungu ametenda jambo ambalo hakulitenda. Hapo ndipo unaposukumwa wewe.

Na baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa, Mkenya hana tena udhuru wa kusema mtumishi wa Mungu haulizwi. Watu wa Beroya walimchunguza hata Paulo, wakasifiwa kwa hilo.

Sasa nakuja kwa linalokuuma. Huyu mchungaji alikushika mkono siku ambayo wengine hawakuja matangani. Wema huo ni wa kweli, usiukane, na sikwambii umchukie. Siku ile uliposimama mara ya kwanza ulikuwa na nafuu na furaha, ukasema kupita kiasi. Tubu, kisha usijitese.

Mwone faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, uende na mzee wa kanisa unayemwamini ikiwa unaogopa. Mwombe video iondolewe, na hao waliotumiwa waelezwe. Mwambie uko tayari kushuhudia ulichokiona: ulifiwa, kanisa likakusitiri, unaumwa na bado unaomba. Akikubali, simama useme hayo na utaje sindano yako waziwazi. Akikataa, siku ya mkutano nenda kafungue meza yako Kibuye.