Kimara hadi Kariakoo kwa baiskeli, na kwa nini siasa na TBC haviepukiki

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza: unaishi Kimara, kazi yako iko Kariakoo, umechoka kubanana kwenye mabasi ya mwendokasi, je, baiskeli inawezekana? La pili ni lawama: kila uzi wa baiskeli humu lazima atokee mtu wa kuingiza siasa, na safari hii kuna jamaa kaingiza hadi TBC, shirika la utangazaji la umma, kana kwamba nalo linahusika, wakati wewe unataka tu kujua ununue baiskeli gani. Mimi ni mmoja wa hao wanaokukera, kwa hiyo nivumilie. Nitajibu yote.

Inawezekana. Mimi natokea Korogwe, hiyo ya Kimara, nashuka hadi Gerezani, hapo hapo Kariakoo, karibu kila siku ya kazi, na mwili wangu si wa mwanamichezo hata kidogo. Asubuhi ni mteremko: vituo vya Bucha, Baruti, Kona, Kibo, baiskeli inajiendea yenyewe, kazi yako ni kushika breki. Ukitoka saa kumi na moja na nusu unafika mjini jua halijapata makali. Beba shati la kazi kwenye begi, kitambaa na chupa ya maji, ukifika nawa uso na makwapa, badilisha, maisha yanaendelea. Hao wanaosema joto la Dar haliruhusu baiskeli wamesahau kwamba ndani ya daladala iliyojaa mnatoka jasho vilevile, tena mengine si ya kwako.

Jioni ndiyo mtihani. Ukishavuka Ubungo kilima kinakusubiri, na wiki za mwanzo utashuka usukume. Sukuma tu. Wa kukucheka ni makonda, na hao hucheka kila mtu.

Njia ya baiskeli ipo, na nashangaa wakazi wengi wa Dar hawana habari. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, mradi ulikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni. Kazi hiyo iliipa Dar es Salaam Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, na ilikuwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Wageni walikuja wakapiga picha, wakasifia. Sasa nenda Manzese saa kumi na mbili jioni uitafute hiyo njia. Utakuta viatu vya mtumba vimepangwa kwa saizi, jiko la chipsi, bodaboda wanaokuja upande wako kwa kasi wakikupigia honi kana kwamba wewe ndiye umekosea, na gari dogo la mtu aliyesimama "dakika moja tu" kununua vocha. Kituo cha Tip Top hadi cha Argentina mimi huwa nashuka natembea. Kugombana na bodaboda sina nguvu hizo.

Machinga simlaumu sana. Yeye anafuata miguu ya watu ilipo, na miguu iko hapo kwa sababu kituo kiko hapo. Mwishoni mwa 2021 walipoondolewa na kupangwa upya, kwa muda njia ilikuwa nyeupe, nikapita Manzese bila kugusa breki. Kisha wakarudi kidogo kidogo, kwa sababu walikopelekwa wengi hakukuwa na wateja. Kumwondoa machinga au kumwacha, kumkamata bodaboda au kufumba macho, hayo anayaamua mtu mwenye cheo, na kwa kawaida kalenda ya uchaguzi iko mezani kwake. Hapo mkuu siasa imeshaingia, na wala sikuileta mimi.

Jangwani usipapuuze. Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa, mwendokasi unasitishwa, na mwenye baiskeli naye hana ujanja. Siku za masika angalia mawingu kabla ya kutoka.

Nimekulia Tanga, na watu wa Tanga watanielewa. Pale Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, baiskeli haina tabaka. Mwalimu mkuu anapanda, muuza samaki anapanda, mama anapita na khanga yake na mtoto kwenye keria, na hakuna anayeuliza gari lake limeharibika nini. Nilipohamia Dar ndipo nilipojifunza kwamba baiskeli ni aibu. Ofisini waliniuliza kwa upole kama nina matatizo ya pesa. Mlinzi wa jengo moja alinielekeza nyuma, mlango wa mizigo. Mji huu unamheshimu mtu kwa kioo cha gari alichokaa nyuma yake, na barabara zinachorwa na watu waliokaa nyuma ya hicho kioo.

Kuna mdau huko juu kasema waendesha baiskeli hawana haki ya kudai njia kwa sababu "hawachangii barabara". Hoja hii inarudi kila mara. Mfuko wa Barabara unapata sehemu kubwa ya fedha zake kwenye tozo ya mafuta, kweli. Lakini tozo hiyo haiishii kwenye tangi la mwenye gari. Imo kwenye nauli ya daladala anayopanda mwanangu, imo kwenye bei ya mahindi yaliyotoka Kibaigwa kwa lori, imo kwenye mfuko wa saruji. Na anayenunua sabuni analipa VAT asilimia 18 awe na gari la V8 au baiskeli ya Phoenix. Baiskeli yenyewe haichimbi lami. Kama tunahesabiana nani anakula na nani analipa, mimi niko tayari kwa hesabu hiyo.

Sasa TBC. Najua ndipo unapochoka, lakini sikiliza.

Kwa wazazi wetu baiskeli na redio vilikuwa ndugu. Kijana akiuza pamba au korosho, vya kwanza kununua vilikuwa hivyo viwili, na wengi waliifunga redio kwenye usukani wakasafiri nayo. Mlengwa wa Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali iliyoitangulia TBC, alikuwa mtu huyo hasa: mwenye baiskeli, asiye na gari, aliye mbali na mji. Mwaka 1973 ndipo ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi redioni, vijitabu, na vikundi vya watu waliokaa chini ya mwembe wakisikiliza na kujadiliana. Walishiriki watu wapatao milioni mbili, na baada ya kusikiliza walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Sisemi redio ile ilikuwa malaika. Ilikuwa sauti ya serikali na ya chama kimoja, na aliye kinyume hakusikika. Ila ilionyesha kwamba chombo cha umma kikiamua, kinaweza kubadilisha jinsi watu wanavyoishi nyumbani kwao.

Weka hilo pembeni, twende Uholanzi, maana kila mtu humu akitaka kutuvunja moyo husema "hao Waholanzi wamezaliwa na baiskeli". Hawakuzaliwa nazo hivyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walinunua magari kama kila mtu, wakabomoa mitaa kuyapisha, na mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto wakiwa zaidi ya 400. Mwandishi mmoja, Vic Langenhoff, aliyekuwa amefiwa na binti yake barabarani, aliandika gazetini mwaka 1972 kwa hasira ya mzazi, na kutokana na hapo likazuka vuguvugu la Stop de Kindermoord: wazazi waliofunga barabara na kudai mauaji ya watoto yakome. Mwaka huohuo televisheni yao ya umma ilionyesha filamu ya watoto wa De Pijp, mtaa wa Amsterdam uliobanana, wanaodai magari yaondoke ili wapate pa kuchezea. Watoto wanaziba njia, madereva wanafoka, kamera inaona yote. Kamera ya umma ilikuwa imesimama kwa miguu, kwenye urefu wa mtoto.

Kisha mafuta yakapanda mwishoni mwa 1973. Uholanzi ikapiga marufuku magari siku ya Jumapili, watu wakajaa barabara kuu kwa baiskeli. Na sisi? Wazee wenu watawaambia kwamba katika miaka hiyo ya shida ya mafuta, Tanzania nayo ilipiga marufuku magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Shida ilikuwa moja, na dawa karibu moja. Tena tulikuwa na kiwanda cha baiskeli zetu wenyewe, Swala, pale Dar. Wenzetu walipotoka kwenye ile Jumapili walikuwa na wazazi barabarani na televisheni iliyowaonyesha. Sisi marufuku ilitoka juu ikaondoka kutoka juu, na mwenye baiskeli hakuulizwa kitu wakati wowote. Hapa naeleza ninavyoamini mimi, mwenye maoni mengine alete.

Leo ajali ikitokea, angalia taarifa ya habari. TBC au za binafsi, mtindo ni uleule. Anaonyeshwa kamanda wa polisi wa mkoa, anasema chanzo ni mwendo kasi au uzembe, anatoa wito kwa madereva kuzingatia sheria, habari inayofuata ni michezo. Sijawahi kumwona meneja wa TANROADS au wa TARURA, wakala za serikali za barabara, akisimamishwa palepale lami ilipolowa damu akaulizwa: hapa pana shule, kwa nini hapana kivuko? Njia ya baiskeli iliyo kwenye mchoro iko wapi? Diwani wa kata hii alisema nini kwenye kikao? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inataja vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Hata hivyo Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika tunaona stika kwenye vioo vya magari.

Na tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, mgeni rasmi hupanda baiskeli mpya yenye utepe, anaendesha mita mia mbili huku ving'ora vikiwa mbele na gari lake likimfuata nyuma, taratibu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kamera nayo iko kwenye gari.

Naitaja TBC na siyo redio za binafsi kwa sababu ya binafsi inaishi kwa tangazo, na muuza magari analipa vizuri kuliko fundi pancha. Siwezi kuilaumu sana. TBC inaishi kwa ruzuku ya serikali pamoja na matangazo, maana yake yule wa sabuni na VAT anailipia. Hapo ndipo siasa inapokaa. Mwaka 2010, chini ya Tido Mhando, TBC ilikuwa na kipindi cha Mchakato Majimboni, kilichowafuata wagombea kwa wananchi wao waulizwe maswali. Mwisho wa mwaka huo mkataba wa Tido haukuongezwa. Januari 2016 waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kwamba TBC inaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tukabaki na vipande vya usiku vilivyokwisha kuhaririwa. Bajeti ya ujenzi, ile inayoamua kama utakufa Kibo au utafika nyumbani, hujadiliwa humo humo bungeni.

Kwa hiyo yule jamaa aliyeingiza TBC alikuwa na hoja, ila aliiharibu kwa matusi. Sidai kipindi maalumu cha baiskeli. Kingewekwa saa tisa alasiri na kufadhiliwa na benki. Nataka mtangazaji mmoja wa TBC Taifa apande baiskeli na kinasa sauti kutoka Kimara hadi kituo cha Fire, arushe alichosikia, halafu amuite mhandisi studio. Ugumu wa hilo si fedha.

Haya, baiskeli yako. Achana na zile mpya za gia 21 zinazong'aa za bei poa, gia zake zinakufa kabla ya masika. Tafuta mtumba ya Japani yenye keria na kapu, gia tatu za ndani ya habu (kile kitovu cha tairi), au Phoenix kama una miguu. Zungusha tairi uone kama rimu imepinda, gonga spoki moja moja, kagua kama fremu imechomelewa. Weka taa ya mbele na nyekundu ya nyuma, maana saa kumi na moja na nusu dereva wa lori hakuoni. Viraka na pampu ndogo kaa navyo, ingawa mafundi wapo njia nzima. Kufuli nunua ya mnyororo mnene, pitisha kwenye fremu na tairi la nyuma, na Kariakoo usifunge kwenye nguzo ya umeme. Ongea na mlinzi wa jengo, mwachie chochote kila Ijumaa. Ukiona anakuelekeza mlango wa mizigo, kubali: huko nyuma kuna kivuli.