Shangazi, nilipanda mbegu kwa karo ya watoto, na Mungu amenyamaza

Shangazi, shikamoo. Nauza mitumba hapa Busia, Uganda, mume wangu ni wa boda, tuna watoto watatu. Mwaka jana mzigo wangu ulilowa mvua ukaoza, mtaji ukaisha. Nikakopa shilingi 1,500,000 kwa mkopeshaji, riba asilimia 10 kwa mwezi, naye akabaki na kitambulisho changu cha taifa na kadi ya benki. Miezi saba nalipa riba tu. Kikundi cha akiba kinanidai 400,000, mikopo ya simu 120,000. Mchungaji akasema nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya 300,000 ili Mungu anifungulie mlango. Nikatoa karo. Mlango haukufunguka, naye akaniambia imani yangu ina shaka. Mume wangu hajui lolote. Kanisani siendi tena, nikipiga magoti maneno hayatoki, na usiku mwingine natamani nisiamke. Je, Mungu ameniacha?
Mama Watatu, Busia

Marahaba, mwanangu.

Nianze na neno lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Hayo ya kutamani usiamke, mwambie mtu leo, kabla jua halijatua: dada yako, jirani, yeyote anayeweza kulala karibu nawe. Yakirudi kila usiku, nenda hospitali umweleze daktari kama ambavyo ungemweleza homa. Nabii Eliya aliomba afe, akalala chini ya mretemu. Soma 1 Wafalme 19 uone Mungu alianza na nini. Hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Nawe kula, hata kama ni uji mtupu. Mama mwenye deni hujinyima chakula akidhani anaokoa pesa, kisha hofu inamlemea mara mbili kwa sababu mwili umeisha nguvu.

Sasa hilo la kwamba deni lako ni ushahidi wa imani haba. Fungua 2 Wafalme 4, mistari 7 ya kwanza. Mjane anamlilia nabii Elisha kwamba mwenye kumdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Watu wengi hukimbilia muujiza wa mafuta wakaruka mstari wa kwanza, ambapo mjane anasema marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, na Elisha hampingi. Mtu alimcha Mungu, akafa na deni. Basi aliyekuambia deni huja kwa wenye shaka hajausoma mstari huo vizuri.

Tazama pia Elisha alivyofanya. Alimwuliza ana kitu gani nyumbani. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala si vichache, kwa hiyo mtaa mzima ulijua kuna jambo. Alimwambia ajifungie ndani pamoja na wanawe, kwa hiyo watoto walilijua deni. Mafuta yalipopatikana, agizo lilikuwa auze, alipe deni kwanza, kisha waishi kwa kilichobaki. Mwujiza ulipitia sokoni. Wewe, mwanangu, unasubiri msaada huku kila kitu kimefichwa, na naamini hapo ndipo unapoumia zaidi kuliko kwenye hizo shilingi. Walokole wa zamani hapa Uganda walisisitiza sana kutembea nuruni, ile ya 1 Yohana 1:7, na kwao nuru haikuishia kwenye dhambi za moyoni. Mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba na kutaja anachodaiwa.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa kila deni andika: nani anadai, ulichukua kiasi gani, umeshalipa kiasi gani, riba ni ngapi, tarehe, na ameshika nini. Nimekupigia hesabu kwa barua yako. Mkopeshaji 1,500,000, kikundi 400,000, simu 120,000, karo 300,000. Jumla ni 2,320,000. Ni nyingi, lakini ina mwisho, na usiku kichwani ulikuwa huuoni mwisho huo. Kisha ona hili: kwa miezi saba umempa mkopeshaji 150,000 kila mwezi, yaani 1,050,000, na deni halijapungua hata shilingi. Ukiendelea hivyo miaka 10 bado utadaiwa 1,500,000 ile ile. Hicho ndicho kinachokukausha sasa. Uvivu wako haumo, wala shaka yako.

Mweleze mumeo kabla hujakwenda kwa mkopeshaji. Chagua mchana ambao hana haraka, usimpokee nalo mlangoni usiku akiwa amechoka. Taja jumla yote mara moja. Kosa wanalofanya wengi ni kutoa nusu: leo laki nne, mwezi ujao nyingine inachomoza, na mume anaacha kuamini hata hesabu iliyo ya kweli. Mwambie na ile ya mbegu. Ukiogopa mkono wake, mtangulize mzee anayemheshimu, awepo wakati unasema.

Mkopeshaji mwendeeni wawili, siku chache kabla ya tarehe ya kulipa. Anayekwenda baada ya tarehe anakwenda kuomba huruma. Anayekwenda kabla anakwenda kupatana. Mwombe asimamishe riba, na zile 150,000 za kila mwezi zipunguze deni lenyewe. Hivyo deni litakwisha kwa miezi 10. Akikataa, mkumbushe kwamba mwaka 2024 Wizara ya Fedha ilitangaza kikomo cha riba ya wakopeshaji, asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa riba hiyo, mwezi wa kwanza 42,000 ni riba na 108,000 inakula deni, na kwa malipo yale yale unamaliza katika mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 2016 inamtaka awe na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji, na haimruhusu kushika kitambulisho cha taifa wala kadi ya benki kama dhamana. Mwombe akuonyeshe leseni ya mwaka huu, tena kwa upole. Asiposikia, mwende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kisha UMRA wenyewe. Mkipatana, yaandikwe, kila mmoja atie sahihi, mwenyekiti awe shahidi, na kila malipo yapate risiti. Pesa isiyo na risiti huwa haijalipwa.

Mikopo ya simu imalize kwanza kwa sababu ni midogo, kisha usiiguse tena. Kukopa huku ulipe kule ndiyo shimo lenyewe. Kikundi chako waambie ukweli katika kikao na uombe muda. Wengi wao wamewahi kukwama hivyo hivyo. Shuleni mwone mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa, ukiwa na tarehe mbili au tatu za kulipa kwa awamu na pesa kidogo mkononi. Na ikibidi kumhamishia mmoja shule ya serikali chini ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mhamishe. Mpango huo upo tangu 1997, na ingawa utatoa cha sare na chakula, mzigo utapungua.

Nije kwenye mbegu. Hapa sitapindisha maneno. Paulo aliandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Karo ya mtoto huku unadaiwa si kitu ulicho nacho, ina wenyewe. Sura inayofuata, 9:7, anasema mtu atoe si kwa huzuni wala kwa lazima. Wewe ulitoa kwa woga, na aliyekuomba aliujua woga huo. Watakutajia mjane wa senti mbili. Waambie waanze kusoma mstari mmoja kabla yake, Marko 12:40, ambapo Yesu anawakemea walimu wanaokula nyumba za wajane. Unaweza kumwendea mchungaji huyo na mumeo, ukaomba karo irudi, bila kelele. Akirudisha, Mungu ambariki. Asiporudisha, usiifuate kwa kutoa nyingine, na usidhani Mungu ndiye aliyekula pesa yako.

Na kuomba? Maneno yakikataa, azima. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na inaanza kwa lalamiko: "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" Daudi aliuliza lile lile uliloniuliza mimi, na limewekwa ndani ya Biblia ili wewe ulitumie. Isome kwa sauti asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kila siku, hiyo hiyo, kwa wiki mbili. Mistari 2 ya kwanza ni kulia, 2 ya kati ni kuomba, 2 ya mwisho ni kutumaini. Ukishindwa kufika mwisho siku fulani, ishia kwenye kulia. Hiyo pia ni sala. Siku ambayo hata hiyo haitoki, kaa kimya dakika tano, maana Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Usingoje kujisikia una tumaini ndipo uanze.

Umeniuliza kama Mungu amekuacha. Hajakuacha, mwanangu. Alikaa na Daudi ndani ya "hata lini" yake, na yuko hapo hapo kwako sokoni, saa ile unapojifanya kuhesabu nguo ili wateja wasione machozi.

Kanisani rudi, hata kama ni kanisa jingine. Tafuta mama mmoja mtu mzima ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri za mwenzake, umwambie: "Nina deni, naogopa, niombee." Usimwombe pesa siku hiyo, mwache akujue kwanza. Jumapili hii kaa viti vya nyuma ukitaka, nenda na watoto. Kikapu cha sadaka kikifika na huna kitu, kipitishe kwa jirani yako, uendelee kuimba.