Jibu: Roki ya papo kwa papo, wakija watu 12

Mkuu, umeuliza mfanyeje wakija wapigaji 12 kwenye roki ya kubuni papo kwa papo, mlango wazi kwa yeyote, isigeuke kelele tupu.

Msianze wote pamoja. Gawaneni wanne wanne, kila kikosi dakika 7, wengine wasikilize. Wote 12 waingie mwisho. Magitaa mawili ya besi yakipiga noti za chini kwa pamoja hamtasikia noti, ni tope tu. Mmoja apige noti za juu, kupita freti ya 12 (freti ni vijichuma vya shingoni mwa gitaa), au anyamaze.

Sauti ipimwe kwa drams, kwani ndizo zisizo na kitufe cha kupunguza. Kasheshe kubwa huwa kwenye amplifaya za gitaa: ikikaa sakafuni inampigia mwenyewe miguuni, hajisikii, anaongeza, wa pembeni naye anaongeza. Iwekeni juu ya kiti, ielekee masikioni. Amplifaya zikivuma, chomekeni zote kwenye soketi moja, na kamwe msikate waya wa ethi (ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini).

Ishara za mkono za mwongozaji ziwe nne tu: ngumi – simama ghafla; kidole – piga peke yako; kiganja chini – punguza; duara – rudia ulichopiga. Mwanamuziki wa jazi Butch Morris alijenga lugha nzima ya ishara hizi New York kuanzia 1985, lakini mgeni hawezi kuimeza kwa jioni moja. Katika Cobra, utunzi wa mtunzi John Zorn (1984) unaochezwa kama mchezo wenye kanuni, wapigaji wenyewe ndio huomba ishara kwa mwenye kadi, anayeinua kadi za kuwaelekeza wote; kwa mlango wazi naipenda zaidi hiyo, hakuna bosi. Mwongozaji abadilishwe kila raundi.