Naenda Mexico City, Kihispania sijui, nitazungukaje?

Shikamoo anti. Mi ni binti wa hapahapa Dodoma, naishi Kizota. Mwezi ujao naenda Mexico City kwenye mafunzo ya kazi siku 10, wikiendi niko huru. Huku nimezoea bajaji, nikisema nipeleke Area C nafika, sasa kule lugha sijui hata neno na kila mtu ananiambia nichukue taksi kila sehemu niendako. Posho yenyewe ndogo. Nifanyeje?
Msomaji, Kizota

Marahaba mwanangu. Hao wanaokwambia taksi kila sehemu wanakupenda ila usiwafuate, posho itaisha mapema na nusu ya siku utakuwa umekaa kwenye foleni. Mji ule una Metro, treni inayopita chini ya ardhi sehemu kubwa, ina laini 12 na nauli ni peso 5 tu, ukishaingia ndani unabadilisha laini unavyotaka hulipi tena mpaka utoke. Nunua ile kadi ya usafiri stesheni, weka salio, basi.

Na kuhusu lugha usiwe na wasiwasi kabisa. Metro ilipofunguliwa 1969 watu wengi walikuwa hawajui kusoma, kwa hiyo kila stesheni ikapewa picha yake, kazi iliyoanzwa na mchoraji Mmarekani anaitwa Lance Wyman. Chapultepec ni panzi, maana jina lenyewe kwa lugha ya wenyeji wa zamani linatokana na panzi, Candelaria ni bata, Merced ambako kuna soko kubwa sana ni kreti la matufaa. Pino Suárez ndo niliipenda kuliko zote, picha yake ni hekalu dogo la Waazteki walilolikuta wakati wanachimba reli, na wakaliacha palepale, abiria wanapita pembeni yake wakibadilisha laini, mi nilisimama pale nikaangalia mpaka nikachelewa nilikokuwa naenda. Kwahiyo we hesabu picha tu, panzi nashuka. Cha kuangalia ni jina la stesheni ya mwisho upande unaoenda, ndo linaloandikwa kwenye mabango, kama unavyosoma ubao wa daladala.

Asubuhi na jioni watu wanajaa kweli, begi liweke mbele kifuani na simu usiishike mkononi mlangoni. Mabehewa ya mbele saa hizo ni ya wanawake na watoto, panda hayo. Na ngazi zisikutishe ukihema, mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Dodoma yetu, siku mbili za kwanza tembea polepole na unywe maji ya chupa.

Kuna na Metrobús, hiyo ni kama mwendokasi ya Dar, ina njia yake barabarani, ilianza 2005 barabara ya Insurgentes. Laini 4 inafika mpaka uwanja wa ndege, peso 30, inakupeleka katikati ya mji.

Ila ukitua usiku na mabegi hapo chukua taksi, tena ya tiketi inayouzwa madirishani ndani ya uwanja, unalipa kabla hujatoka. Mi usiku wa kwanza nilimfuata dereva aliyenidaka mlangoni, kufika akataka mara tatu ya bei tuliyokubaliana na begi langu liko kwenye buti yake, nikalipa, iliniuma sana na sitaki ikukute.

Jumapili nenda kwenye mapiramidi ya Teotihuacan, unashuka stesheni ya Autobuses del Norte laini 5, ndani ya stendi ulizia basi la Pirámides. Metro Jumapili inaanza saa 1 asubuhi, usiwahi ukakuta geti limefungwa.

Na kabla hujatoka hotelini chora kwenye karatasi picha ya stesheni ya kurudia, simu ikiisha chaji unamwonyesha mtu yeyote ile karatasi.