Mikoko tunayopanda inakufa, tubadili mbegu?

SWALI: Kikundi chetu kipo Mtimbwani, Tanga. Tumepanda mikoko mara mbili kwenye tope tupu mbele ya kijiji, yote imekufa. Tubadili mbegu? Pia kuna bwana anataka ada atusajili, tulipwe fedha za kaboni, yaani malipo ya miti kuhifadhi hewa ya ukaa, kwa kila mche. – Katibu

JIBU: Katibu, mbegu hazina kosa, mmekosea pahali. Tope hilo ni tupu kwa sababu maji hulifunika muda mrefu mno, na mizizi ya mkoko lazima ipate hewa. Tazameni mashina ya miche iliyokufa: yakiwa yamevaa vigamba vyeupe vinavyokwaruza mkono, ni viumbe wa baharini wanaoshika palipozama muda mrefu, jibu mmelipata. Mikoko ina aina zake: mbele kabisa, upande wa bahari, hukaa mlilana na mchu, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa nyuma zaidi. Mlilana wenyewe ukikataa kujiotea hapo, msilazimishe.

Tafuteni mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa. Huko mara nyingi palikuwa na mikoko kabla ya tuta. Tuta likikatwa, maji ya bamvua yakaingia na kutoka, mbegu huja zenyewe. Ila msishike jembe kabla ya kuonana na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mikoko ni hifadhi ya serikali.

Sasa hii biashara ya kuhesabu miche, inanichosha! Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo kwenye mti, imo kwenye tope: mizizi na majani yaliyofukiwa pasipo hewa, hayaozi upesi, yamerundikana mamia ya miaka. Ukilichimba likapata hewa, kaboni inatoka. Mche wa mwaka mmoja una nini cha kuuza? Jirani zenu wa Gazi, Kenya, wanauza kaboni tangu 2013 kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, hekta 117, na wanacholipwa zaidi ni kulinda msitu uliosimama.

Kwa hiyo anayewaahidi malipo kwa mche, ama hajui kazi ama anawajua nyinyi. Pwani nzima wanapita: fulana mpya, picha za watu wameinama topeni, kisha simu haipokelewi. Biashara ya kaboni nchini ina kanuni zake za 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwambieni alete barua ya huko kwanza. Ada msitoe, na mkataba ambao kijiji hakijasomewa kwa Kiswahili msiutie sahihi, hata akija na mwanasheria.